Nje ya Ngome: Karne Saba za Mji wa Kale wa Mombasa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mji wa Kale wa Mombasa umeshaamka zamani. Waliotoka kuswali alfajiri wamekaa barazani, huyu na kanzu, yule na kikoi na fulana, kila mmoja ameshika kikombe kidogo cha kahawa chungu. Muuza kahawa anapita na dele lake la shaba, makaa yakiwa yanawaka chini yake, huku akigonganisha vikombe ili walio ndani wajue amefika. Dirishani mama anageuza mahamri kwenye karai, na mbaazi za nazi zinatokota pembeni. Jua halijapanda juu ya mapaa, upepo wa bahari bado unapenya vichochoroni, na "sabalkheri" zinarushwa kutoka upande huu wa njia hadi ule.

Huu ndio wakati mzuri wa mgeni kutembea hapa, na ndio wakati ambao wageni wengi huukosa. Wanaolala kwenye hoteli za Nyali na Diani huletwa baadaye, jua likiwa kali. Basi huwashusha mbele ya Fort Jesus, wakaizunguka ngome, wakapiga picha na mizinga, wakapanda basi tena. Wanaondoka wakidhani wameiona historia ya Mombasa.

Wameiona nusu. Ngome ilijengwa na watu waliotoka mbali, ikapiganiwa na kupokonywa mara nyingi, na leo ni makumbusho. Mitaa iliyo nyuma yake ina watu, na palikuwa na watu mjini humu kabla jiwe la kwanza la ngome halijawekwa. Anayetaka kujua mji huu uliwezaje kuvuka karne zote hizo, na atembee mitaani.

Mtu wa kwanza kutuachia maandishi ya matembezi yake mjini humu alikuwa Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, aliyefika mwaka 1331 akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja tu, lakini macho yake yalikuwa makali. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki walikula ndizi na samaki, kwamba nafaka waliletewa kutoka bara, na kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao, kwa ustadi mkubwa. Kilichomvutia zaidi ni usafi wao. Penye milango ya msikiti palikuwa na kisima, na kwa kuwa watu walitembea pekupeku, kila anayetaka kuingia alichota maji, akaosha miguu, akaifuta kwenye mkeka mnene uliowekwa mlangoni.

Mji aliouona haukuwa mahali hasa panapoitwa Mji wa Kale leo. Mwanaakiolojia Hamo Sassoon alipochimba karibu na Hospitali Kuu ya Pwani miaka ya 1970, alikuta mabaki ya Mombasa ya awali, mji uliokuwa umestawi karne kadhaa kabla ya Wareno kufika. Wazee wana masimulizi yao kuhusu mwanzo huo. Humtaja kwanza Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, kisha Shehe Mvita, ambaye ukoo wake ulitawala baada ya ule wa malkia na ambaye jina lake limebaki katika Mvita, jina la zamani la kisiwa. Baadaye wenyeji walijipanga katika mataifa kumi na mawili ya Waswahili, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Kundi la pili ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Hadi leo ziko familia zinazojua barabara ziko upande gani wa hesabu hiyo.

Kisha zikaja meli kutoka kusini. Vasco da Gama alifika mwaka 1498, akapokewa kwa shaka, akaenda zake Malindi ambako alikaribishwa vizuri. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji, akaupora na kuuchoma moto. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akaja kufanya vivyo hivyo. Mwaka 1589 ulikuwa mbaya kuliko yote: Wareno walirudi kwa sababu ya Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuwa ameweka kambi kisiwani, na upande wa bara wakafika Wazimba waliokuwa wakipanda pwani kutoka kusini wakiteketeza miji. Wenyeji wa Mombasa walibanwa katikati ya majeshi mawili.

Baada ya hapo Wareno waliamua kukaa. Mwaka 1593 walianza kujenga Fort Jesus kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kitaliano aliyekuwa akifanya kazi Goa. Ngome ilikatwa kwenye mwamba wa matumbawe, na umbo lake likitazamwa kutoka juu ni la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini.

Kuta hizo hazikuwapa utulivu waliouota. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme aliyechukuliwa akiwa mdogo akalelewa Goa kwa dini ya Kikristo na kupewa jina Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni, akamuua kapteni wa Kireno na kuitwaa ngome. Aliirudia dini ya Kiislamu, akaishikilia Mombasa hadi mwaka uliofuata, kisha akaondoka kwa jahazi. Mwaka 1696 Waomani walifika na kuizingira ngome hiyo hiyo. Mzingiro huo ulidumu miezi 33. Njaa na maradhi viliwamaliza waliokuwa ndani, na meli ya kivita Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliikagua na kuichimbua miaka ya 1970, na vitu vilivyotolewa humo vinaonyeshwa makumbushoni. Ngome yenyewe ilianguka mnamo Desemba 1698.

Wareno walirudi mara moja tu, mwaka 1728, na hawakumaliza hata miaka miwili. Safari hii walioanza kuwatoa ni wenyeji wenyewe, walioinuka mwaka 1729. Baada ya hapo wajumbe wa Waswahili wakifuatana na wa Wamijikenda walivuka bahari hadi Maskati kuomba msaada ili wakoloni wale wasirudi. Habari za safari ile hazimo katika picha zinazopigwa ngomeni, lakini ndizo zinazoonyesha kwamba watu wa mitaani hawakuwa watazamaji wa vita vya wakubwa.

Mgeni akiiacha ngome mgongoni na kushika barabara inayobeba jina la Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa liwali wa Mombasa na mwandishi wa historia ya pwani, hatembei mbali kabla ya kuuona mnara mweupe usio na madoido. Umekaa mnene chini, unachongoka kuelekea juu, na uko karibu na njia hata mpita njia anaweza kuugusa. Huu ni msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570. Maana yake, wakati mafundi wa Cairati wanaanza kuchonga mwamba, hapa watu walikuwa wameswali kwa miaka zaidi ya ishirini. Walioupitia ni wengi, kuanzia Wareno na wanajeshi wa Oman hadi maofisa wa Uingereza. Adhana bado inatoka humo mara tano kwa siku, na wanaoingia huosha miguu kwanza, kama walivyokuwa wakifanya watu wa mwaka 1331.

Kuanzia hapa njia zinakuwa nyembamba. Sehemu nyingine watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega, na mkokoteni wa maji ukiingia, kila mtu hujibanza mlangoni. Wembamba huo ulikusudiwa. Nyumba ndefu zilizokaribiana hutupiana kivuli, kwa hiyo jua hupiga njia kwa muda mfupi tu mchana, na vichochoro vinavyoelekea baharini huvuta upepo hadi ndani. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wake unakaribia urefu wa mkono, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba.

Inafaa kusimama mbele ya mlango mmoja na kuutazama bila haraka. Fremu yake imechongwa maua na mnyororo unaozunguka pande tatu. Juu, kwenye kizingiti, pengine kuna aya ya Kurani au tarehe ya Hijria. Katikati unasimama mfaa, ubao mnene unaofunika mwanya kati ya mbao mbili za mlango, nao umechongwa kuliko sehemu nyingine zote kwa sababu ndio unaomkabili anayebisha hodi. Mbao zenyewe zina vifungo vya shaba vilivyopangwa kwa safu. Pembeni, pande zote mbili, kuna baraza za mawe zilizopakwa saruji. Hapo ndipo mwenye nyumba huwapokea wageni wa kiume, ndipo habari za mji hupita, ndipo bao huchezwa alasiri. Ukuta na baraza humpa mwenye nyumba faragha na majirani kwa pamoja.

Ukiinua macho unakutana na roshani. Zimejaa mtaa wa Ndia Kuu na mitaa ya jirani, zimeshikiliwa na vikono vya mbao vilivyokatwa nakshi, na baadhi zimezibwa kwa mbao zenye matundu ili walio ndani waone njia bila wao kuonekana. Hizi si za enzi ya Wareno, ingawa wageni wengi hudhani hivyo. Nyumba nyingi zinazoonekana leo zilijengwa au kujengwa upya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ilipopanuka na wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kachchh wakaja na mafundi wao wa mbao. Walichofanya ni kuongeza roshani juu ya nyumba ya Kiswahili: duka chini, makazi juu, na ua ndani. Mtaa mmoja ukabeba mikono ya mafundi wa Pwani, wa Arabuni na wa India, na ukaendelea kuwa wa Mombasa.

Ukiteremka upande wa maji unafika kwenye Leven House, nyumba iliyobadilisha wakazi kuliko karibu nyumba yoyote nyingine ya mji huu. Jina lake linatokana na manowari ya Kiingereza HMS Leven, iliyotia nanga hapa mwaka 1824 chini ya Kapteni William Owen. Wakati huo Mombasa ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Wamazrui, waliokataa kuwa chini ya Mabusaidi, watawala wa Oman, na ambao waliona bendera ya Uingereza ingewasaidia kumzuia Seyyid Said, sultani wa Mabusaidi hao. Owen akakubali, akamwacha Luteni James Reitz asimamie. Reitz alifariki miezi michache baadaye kwa homa, na jina lake likabaki kwenye ghuba ya Port Reitz. London haikuupenda mpango huo. Mwaka 1826 bendera ikateremshwa, na mwaka 1837 Seyyid Said akautwaa mji.

Siku zile za Wamazrui ndizo siku za Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki yapata mwaka 1840. Kabla yake, ushairi mwingi ulioandikwa kwa Kiswahili ulikuwa wa dini na tendi ndefu. Muyaka alilichukua shairi la beti fupi akalipeleka mtaani: akatunga juu ya vita na Lamu, siasa za watawala, mapenzi, njaa na madeni, na watu wakayahifadhi mashairi yake kwa moyo. Yaliokolewa baadaye na Mwalimu Sikujua Abdallah, aliyeyakusanya kwa wazee na kumsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyaandika. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, karne moja baada ya kifo chake.

Mwaka 1844 alifika Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani. Katika miezi yake ya kwanza alimzika mkewe, Rosina, na mtoto wao mchanga. Kaburi lao liko ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Hakuondoka. Alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji, na maneno aliyokuwa akiyakusanya yakazaa kamusi kubwa ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Msingi wake ulikuwa Kimvita, Kiswahili cha mitaa hii. Lakini mwaka 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Kimvita kilibaki kwenye mabaraza, kwenye taarabu na kwenye mashairi, na kwenye vinywa vya watu kama Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa aliyeandika diwani ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni.

Kando ya Leven House kuna ngazi zinazoshuka kwenye njia iliyotobolewa ndani ya mwamba hadi ufukoni, ambako kuna kisima cha maji baridi. Kwa mabaharia waliokuwa wamekaa wiki nyingi baharini, kisima hicho kilikuwa na thamani kama shehena.

Hapo mbele kuna Bandari ya Zamani. Kwa karne nyingi kalenda yake ilikuwa upepo. Kaskazi ilipoanza kuvuma kuelekea mwisho wa mwaka, majahazi ya Arabuni, Ghuba na India yalishuka na tende, chumvi, mazulia, vyombo vya shaba na papa mkavu. Kusi iliposhika, yalirudi na boriti, nafaka, samli na pembe. Katikati ya misimu hiyo miwili mabaharia walikaa mjini, wakakodi vyumba, wakaoa, wakaacha watoto na majina. Mwaka 1939 mwandishi Alan Villiers alisafiri katika pwani hii ndani ya jahazi la Kuwait, na kitabu chake kimebaki ushahidi wa miaka ya mwisho ya biashara hiyo kubwa.

Kilichoimaliza kilikuwa upande wa pili wa kisiwa. Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1895, na mwaka uliofuata ujenzi wa reli ya Uganda ukaanza Mombasa. Miaka ile maofisa na matajiri hawakutembea kwa miguu. Mitaani palilazwa reli ndogo, juu yake vikawekwa vigari vyenye viti na kivuli, na wafanyakazi wakavisukuma kwa mbio kutoka mji wa zamani hadi Kilindini. Magari ya petroli yalivifukuza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kilindini ilipopata gati za maji makuu muongo huohuo, meli za moshi zilihamia huko, na Bandari ya Zamani ikabakiwa na majahazi na mashua. Hadi leo vyombo vidogo hutia nanga hapa, wachukuzi hushusha mizigo kwa mabega, na soko la samaki huchangamka mapema.

Hasara hiyo ya biashara, kwa namna yake, iliuokoa mji. Fedha kubwa zilipohamia Kilindini na barabara mpya, hakuna aliyekuwa na haraka ya kubomoa Ndia Kuu ili apanue njia. Ngome nayo iligeuzwa gereza mwaka 1895 na kubaki hivyo hadi 1958, ilipotangazwa kuwa urithi wa taifa. Ikakarabatiwa kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kufikia saa tatu jua limepata nguvu, na watu wanamiminika kuelekea Marikiti. Jengo la soko hili lilifunguliwa mwaka 1914 na kupewa jina la Mackinnon, ila watu wa Mombasa hawakulihitaji jina hilo. Nje kuna mafungu ya maembe, madafu na mchicha. Ndani na pembeni kuna magunia ya iliki, mdalasini, bizari na pilipili manga, na wauzaji wanaojua nani anapika biriani ya harusi wiki hii. Mtaa wa Biashara uko karibu, na ndiko leso zinakouzwa kwa jozi, hazijakatwa. Wateja husoma jina la leso kwanza, rangi baadaye. Hapo ndipo ilipo Mali ya Abdulla, jina linalochapwa kwenye leso za ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, wafanyabiashara waliokuwapo Mombasa tangu 1887.

Matembezi haya yanaweza kumdanganya mgeni kwamba kila kitu kiko salama. Hakiko. Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na iko ofisi ya hifadhi chini ya Makumbusho ya Kenya inayopaswa kuidhinisha mabadiliko ya majengo. Hata hivyo, katikati ya roshani mbili za mbao huzuka ghorofa la saruji lenye madirisha ya alumini, refu kuliko majirani zake, na upepo uliokuwa ukipita hapo unakatika. Milango ya kuchonga hung'olewa na kuuzwa. Ukuta wa chokaa ukipakwa saruji, unyevu hunasa ndani na jiwe huoza polepole.

Si kwamba wenye nyumba hawajali. Nyumba nyingi ni za mirathi, zina warithi wengi walio Mombasa, Jeddah, Dubai na London, na hakuna mmoja anayeweza kukarabati bila wenzake. Nyingine ni wakfu, kodi yake ni ndogo mno kulipia fundi. Boriti nzuri ni ghali, mafundi wa nakshi ni wachache, na kijana aliyerithi chumba kimoja cha juu huona tofali na bati kuwa nafuu. Kumwekea sheria mtu huyu bila kumsaidia ni kumwachia nyumba iporomoke.

Panapopatikana msaada, matokeo huonekana. Leven House ilikuwa gofu kabla ya kukarabatiwa. Mbele ya Fort Jesus, ambako mawimbi yalikuwa yakila mwamba, ukuta wa bahari umejengwa katika miaka ya karibuni. Uangalifu wa aina hiyo ukielekezwa kwa nyumba za watu, kwa mikopo ya ukarabati, mafunzo ya useremala wa nakshi kwa vijana wa mitaa ya Kibokoni na Kuze, na chokaa kwa bei wanayoiweza, mitaa hii itaendelea kukaliwa na wenyewe. Mgeni naye ana mchango wake: aje asubuhi, ajisitiri kwa mavazi, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, amlipe kijana wa mtaa amwongoze, na pesa ya kifungua kinywa aiache kwa mama wa mahamri.